Stesheni Isiyolowa

Jumatatu, 12 Mei

Habari kubwa! Mzee Harish anahama. Duka la vifaa vya ujenzi keshaliuza, na mwisho wa mwezi anakwenda kukaa kwa mwanawe Nakuru, kwenye fleti isiyo na nafasi hata ya kugeuza kiti. Maana yake treni haiendi. Ile treni! Reli ndogo ya umeme inayozunguka meza nzima chumba cha juu, mabehewa yake kama vipande vya sabuni, taa zinawaka, honi inalia. Malindi haijapata kuona reli ila kwa Mzee Harish. Naipenda treni ile kuliko ninavyowapenda baadhi ya jamaa zangu.

Leo katuita, mimi na Everlyne, sisi wawili tunaomjengea vijumba vya kadibodi kandokando ya reli. Kasema kila mmoja alete stesheni Jumamosi. Atainyunyizia maji kwa ile chupa ya nguo za pasi, maana unyevu wa pwani ndio muuaji wa kadibodi. Isilowe, isivimbe. Tena isiwe inang'aa kama bibi harusi. Ionekane imekula chumvi: kutu, moshi, masika. Atakayeshinda anabeba treni yote.

Everlyne! Mpamba keki wa Gede! Treni ni yangu. Nimeshamwambia mke wangu Kabibi ahamishe kabati la vyombo.

Jumanne, 13 Mei

Nimekwenda Gede kupeleleza. Nikajifanya naagiza keki. Stesheni ya Everlyne iko mezani, katikati ya mabakuli ya sukari. Anaipaka gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, tabaka jembamba, anaiacha ikauke, anapaka tena. Halafu anachovya brashi ya keki kwenye unga wa tofali na kugusagusa chini ya madirisha. Kutu tupu! Roho iliniuma. Nikamwambia ni nzuri kwa mtu anayejifunza.

Kumbe ndiye anayewapikia keki nyumbani kwa Mzee Harish. Keki bila mayai! Kanambia hata ile gundi aliuliza kwanza dukani imetengenezwa na nini, kabla hajainunua. Akaanza kunieleza kwa nini. Sikumsikiliza, macho yalikuwa kwenye madirisha yake. Keki bila mayai ni mkate uliovaa nguo za Idi.

Nimerudi na keki iliyoandikwa Heri ya Kuzaliwa. Kabibi kauliza nani kazaliwa. Nikasema wewe. Kasema yeye kazaliwa Novemba. Tumeila hivyo hivyo.

Jumatano, 14 Mei

Balaa. Gundi ya Everlyne inataka subira, nami sina. Nimeitumbukiza stesheni yangu nzima kwenye debe la vanishi. Kwa nini nipake kwa brashi kama napaka wanja? Imetoka imelegea kama chapati. Paa limekaa mlangoni. Wino wa kibao cha jina umekimbia wote.

Nikajenga ya pili kwa boksi la viatu vya Kabibi. Viatu vilikuwemo. Nimeviweka mahali, sikumbuki wapi. Nikaitundika stesheni juu ya jiko ipate moshi wa uzee. Imezeeka upande mmoja. Upande wa pili umeungua. Huu mkaa wa Ganze una hasira.

Kabibi kasema haraka haraka haina baraka. Nimemwambia baraka zitagawanywa Jumamosi.

Alhamisi, 15 Mei

Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zangu leo zimesimama! Nimemkumbuka binamu yangu Kazungu wa Ngomeni. Mashua zake anazipaka mafuta ya papa, yale ya kwenye ini, na zinakaa baharini miaka bila kuoza. Mashua haivuji, kadibodi ivuje kwa nini? Nimerudi na chupa nzima. Nimeipaka stesheni ya tatu, ndani na nje. Jamani! Maji yanateleza na kwenda zake. Tena mafuta yameipa rangi ya kahawia yenye madoa, uzee mtupu. Everlyne na brashi yake ya keki akalale.

Kasoro ndogo: harufu. Kabibi kahamia kwa dadake. Kasema atarudi stesheni ikishatoka, na mimi nikitaka nitoke nayo. Paka wa mtaa wamejipanga ukutani wakiniangalia kwa heshima ambayo sijawahi kuipata kwa binadamu.

Ijumaa, 16 Mei

Nimeifukiza udi kutwa. Nimeimiminia marashi yote ya Kabibi. Sasa inanukia harusi, na papa kwa mbali. Yatosha.

Jumamosi, 17 Mei

Ilianza vizuri. Bi Hetvi, mke wa Mzee Harish, katuletea chai ya tangawizi. Chupa ya maji ikaanza kazi. Stesheni ya Everlyne ikastahimili, ila kona moja ya paa ikavimba kidogo. Yangu? Kavu! Mzee Harish kavaa miwani, kainama, kasema hajapata kuona kitu kama hiki. Bi Hetvi kalipapasa paa, kasema ni ile ile stesheni ya utotoni mwake. Mzee akaninyooshea kile kidude cha kuendeshea treni. Nimekishika! Wallahi nimekishika kwa mkono huu!

Kisha yale maji yakayaamsha mafuta. Marashi yakasalimu amri. Paka akaruka kutoka dirishani, akaanza kuramba mahali wanaposubiri abiria. Bi Hetvi akauliza kwa upole nimepaka nini. Hapo ndipo ningesema vanishi. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikasema kwa sauti: mafuta ya papa, Bi, ini lenyewe, moja kwa moja kutoka Ngomeni!

Bi Hetvi akautazama mkono wake uliopapasa paa, akaushika mbali na mwili kama si wake, akatoka kwenda kuoga. Mzee akaniambia polepole kwamba katika nyumba ile, tangu enzi za mamake, nyama wala samaki hajapita mlangoni. Na nyuma ya ukuta ule ndipo wanapoabudu. Miaka yote hii wananilisha dengu na chapati, nami nikidhani ni ubahili!

Niliona haya. Haya ya kweli, masikio yaliwaka moto. Nikaomba radhi. Mzee akasema amesikia, akakitoa kile kidude mkononi mwangu taratibu, akampa Everlyne. Everlyne hata hakucheka. Afadhali angecheka. Nikateremka ngazi na stesheni yangu kwapani, paka nyuma.

Jumapili, 18 Mei

Kabibi karudi. Kasema niende kwa Bi Hetvi na asmini mkononi, mdomo nimeufunga, basi. Maua! Mtu wa maarifa hapeleki maua.

Everlyne hachukui treni mpaka Mzee ahame mwisho wa mwezi. Kwa hiyo nafasi ipo. Namjengea Bi Hetvi duka lao la zamani, la kadibodi, na kibao chake na milango yake ya kijani, zawadi ya kuomba radhi. Atalia. Mzee atalainika. Treni itamrudia mwenyewe. Na samaki? Hata dagaa! Mimi ni mtu wa kujifunza.

Nimetoka sasa hivi kwa Musyoka, mwenye bucha. Kanipa mafuta ya ng'ombe, meupe pee, hayanuki hata kidogo. Nimeyayeyusha, na kuta mbili za mwanzo zimeyanywa vizuri ajabu. Kabibi kachungulia sufuria, kaniangalia, kasema sikio la kufa halisikii dawa. Sijui alikuwa anamsema nani.

Tena safari hii hakuna marashi, hakuna kuficha. Kabla Bi Hetvi hajauliza, namwambia mwenyewe mlangoni: Bi, pokea kwa mikono miwili, hii ni ng'ombe mtupu.