Baridi ya Vyumba Vitatu

Jumatatu, 9 Machi 1998

Aibu. Kiyoyozi kipya hakijamaliza wiki na tayari nimekuwa kichekesho cha mtaa. Mtambo mmoja juu ya paa, bomba la bati hadi vyumba vitatu, na kila chumba kina kidude chake ukutani cha kupima joto. Chenye joto zaidi hupewa baridi kwanza. Kila mtu na hali yake ya hewa, ndivyo nilivyomwapia mama mkwe, Bi Mwanakhamis. Nyumba ni yake. Amekubali kuta za mawe alizoachiwa na babake zitobolewe kwa ahadi yangu.

Leo: sebule ya wanaume, tanuri. Chumbani kwetu, jasho. Kwa mama mkwe, anajifunika blanketi.

Ijumaa wanakuja kumposa binti yangu, Nana. Mama mkwe amesema sebule isipopoa, wageni watapokelewa na mwanawe Gharib, shemeji yangu, nami nikae mlangoni niangalie viatu. Baba mzazi! Nana amenifuata jikoni, akaniomba jambo moja tu: neno la kukubali nilitoe mimi, si mjomba. Nimemwahidi.

Jumanne, 10 Machi

Mama mkwe kaenda matangani Kibokoni. Nimeingia chumbani mwake, nikapanda kitandani, nikaziba tundu la baridi kwa mto wake. Hesabu yangu: baridi ikikosa njia kwake, itakuja kwetu. Haikuja. Bomba likaanza kupiga mluzi. Majirani wakabisha hodi kuuliza kuna nini.

Mama mkwe akarudi, akauchomoa mto. Nikasema huenda ni panya. Akasema panya huyo amesahau kofia yake kitandani. Nikaichukua kofia. Sikujua macho niyaweke wapi, mtu mzima mwenye mvi.

Jumatano, 11 Machi

Nimegundua. Baada ya alasiri nimepita nikaona mlango wake wazi. Mama mkwe anafukiza nguo zake udi, kama afanyavyo kila siku na kila anapotoka, na chetezo chenye makaa amekiweka rafuni, chini kabisa ya kile kidude cha ukutani. Kidude kinapigwa na moto, kinadhani chumba kizima kinaungua, kinaita baridi yote ya nyumba.

Mwenye akili angemwambia: mama, kisogeze. Nyumba nzima ingepoa. Lakini akikisogeza yeye, fundi ni yeye, na mimi nabaki yule wa kofia. Nimenyamaza. Nina mpango.

Ijumaa, 13 Machi



Asubuhi nilikiiba chetezo cha mama mkwe. Akakitafuta nyumba nzima. Nikamsaidia kutafuta, Mungu anisamehe. Kisha nikakijaza makaa, nikakificha nyuma ya pazia la sebule, chini ya kidude chetu. Wageni walipofika baada ya Swala ya Ijumaa, sebule ilikuwa na baridi ya milima ya Limuru. Mzee Kamaludin, babu yake bwana harusi, akaisifu nyumba, kisha akaisifu baridi, kisha akaomba shuka. Mimi nimekaa kiti cha mbele. Neno la Nana lilikuwa mdomoni, limebaki kutamkwa.

Ningenyamaza tu. Lakini Gharib alikuwa amekaa pembeni yangu, chini ya tundu la baridi, na uso wake ulinitia hamu ya kujisifu. Nikamnong'oneza kwamba mama yake ndiye aliyekuwa akiuharibu mtambo kwa udi wake, na mimi kwa akili zangu nimemwibia chetezo na baridi kwa pamoja, wala hana habari.

Bomba ni moja. Linatoka sebuleni hadi chumbani kwake, ambako wanawake wa pande zote mbili walikuwa wameketi. Vicheko vyao vikakatika. Kisha sauti ya mama mkwe ikatoka tunduni, taratibu: "Mkwe wangu, ukisha, niletee chetezo changu."

Mzee Kamaludin akaangalia zulia. Nikakitoa nyuma ya pazia mbele ya wote, kinafuka, nikakipeleka. Niliporudi, Gharib alikuwa amehamia kiti changu. Posa imekubaliwa. Neno amelitoa yeye.

Nana hakulia. Ameniletea chai ya jioni kama kawaida, bila kuniangalia. Ningependa anipigie kelele.

Jumapili, 15 Machi

Nimeomba radhi. Mama mkwe nimembusu mkono, Nana nimembusu kichwa. Chetezo kimehamia dirishani na vyumba vyote vimepoa. Hila basi. Tangu leo mimi ni mtu wa kusema mambo wazi.

Jioni mama mkwe alikuwa chumbani mwake akizungumza na mke wangu, Mejumaa. Mimi chumbani kwetu nikapanda kiti, nikatega sikio tunduni. Si hila, ni kukagua bomba. Mama mkwe akasema mkwe wake sasa ametengemaa. Siku ya nikahi amwozeshe bintiye kwa kinywa chake mwenyewe, Gharib akae kando. Machozi yakanitoka. Baada ya aibu yote ile. Nikafurahi hadi nikasahau niko wapi, nikajibu kwa sauti: ahsante sana, mama.

Kitanda chake kikalia, mtu anainuka. Nasikia ndara zinakuja ukumbini. Nitasema ilikuwa redio.