Bango la Kichina la Hajat Kulthum

Jumatatu, 8 Septemba
Hajat Kulthum, mwenye jengo letu hapa Nateete, ametuita wapangaji wote. Jumamosi Bwana Lin anafungua duka la vigae ghorofani. Hajat anataka bango la kumkaribisha kwa Kichina, kutoka nguzo hadi nguzo. Ijumaa tumletee sampuli. Atakayemridhisha Bwana Lin atapewa chumba cha mbele.

Chumba cha mbele! Chenye dirisha la barabarani! Mimi nachapa barua na kadi za harusi kule nyuma, ukuta mmoja na choo. Wateja wanaingia wameziba pua. Na mke wangu Ayaa nimemwahidi dirisha la cherehani yake tangu tuoane.

Mansur alikuwa anafungua mdomo. Mansur wa chumba cha pili, mwenye mashine kubwa ya mabango, mwenye zulia, mwenye kila kitu. Nikamwahi. Nikasema Kichina nimekichapa sana, hata watu wa ubalozi wananijua.

Sijawahi kuchapa Kichina hata nukta.

Jumanne, 9 Septemba
Maneno ya bango, kama alivyoyaandika Bwana Lin mwenyewe, yameingia kwenye simu zetu. Nimeyahamishia kwenye kompyuta. Kwenye skrini yamependeza kabisa. Nikachapa. Vikatoka visanduku! Visanduku vitupu, mstari mzima, vyote sawa. Nimevitazama sana. Nikaamua hayo ndiyo maandishi yao ya sherehe.

Nyumbani Kyebando, Ayaa akaigeuza karatasi juu chini, chini juu.

"Hii yote iko sawasawa," akasema. "Kwani wanasema neno moja tu?"

Nikamweleza kuwa Wachina ni watu wa nidhamu. Akarudi kwenye sufuria yake.

Jumatano, 10 Septemba
Nidhamu imenisumbua usingizini. Nimekwenda Kalerwe kwa Oola, fundi wa kompyuta. Tulikua naye kambini, baba zetu wote polisi, kwa hiyo anaweza kunicheka bila kunikosea. Amenicheka.

Kumbe kompyuta inapangiwa fonti, yaani aina ya herufi, ya kutumia kila inapokutana na Kichina, Kijapani au Kikorea. Yangu imepangiwa fonti ambayo haimo ndani yake. Kwenye skrini inaazima nyingine. Kwenye printa haiazimi, inatoa visanduku. Oola akanionyesha mahali pa kuchagua fonti iliyopo. Bonyeza hapa, bonyeza pale. Karatasi ikatoka na Kichina kamili, chenye mikono na miguu. Nikamkumbatia.

Akaendelea kunieleza jambo jingine, sijui kuifungia fonti ndani ya faili ukienda kuchapia kwenye mashine ya mtu. Sikumfuata vizuri. Nilikuwa nimeshapata wazo. Kama kuchagua fonti nzuri ni rahisi hivi, basi na mbaya je?

Alhamisi, 11 Septemba
Nimekwenda kwa Mansur kuazima stepla. Mansur ana adabu za nyumbani kwao, mgeni hakai bila kitu. Akatoka kuniletea chai. Nikakaa mbele ya kompyuta yake. Bonyeza hapa, bonyeza pale. Sasa Kichina chake kimepangiwa fonti isiyojua Kichina hata kidogo.

Chai ilikuwa na tangawizi. Nimekunywa vikombe viwili.

Ijumaa, 12 Septemba
Ushindi!

Bwana Lin ameisoma sampuli yangu kwa sauti, akanipa mkono. Mansur akaleta visanduku. Akajikuna kichwa, akasema kompyuta yake haijawahi kumfanyia hivi. Nilimwonea huruma. Kwa muda mfupi.

Ayaa alikuja mbio kupima dirisha kwa utepe wake wa kushonea. Amecheka vile alivyokuwa akicheka tukiwa wachumba. Kwa kicheko hicho ningechapa hata Kirusi.

Hajat amechukua flashi yangu akaipeleka kwa Mansur bango lichapwe. Ndivyo tunavyofanya sote, mashine kubwa katika jengo ni moja tu. Vizuri sana. Acha anichapie ushindi wangu kwa mkono wake mwenyewe.

Jumamosi, 13 Septemba
Sitaki kuandika.

Naandika. Wageni wamejaa uani. Bango likafunguliwa. Visanduku! Vikubwa, vyekundu, kutoka nguzo hadi nguzo. Alilichapa Sundus, dada yake Mansur, kaka akiwa msikitini. Alidhani Kichina ndivyo kilivyo.

Hapo ndipo maneno ya Oola yaliponirudia, yote, moja baada ya jingine. Fonti sikuifungia ndani ya faili, na kompyuta ya Mansur nimeiharibu mimi mwenyewe.

Bwana Lin alilikazia macho. Kisha akacheka mpaka akafuta machozi, akasema bibi yake hutumiwa ujumbe wa namna hiyo kila siku kwenye simu yake kuukuu. Akapiga picha chini ya bango. Hajat hakucheka. Akataka kujua kosa ni la nani. Ayaa alisimama na utepe shingoni, ananitazama. Nikafungua mdomo niseme ni mashine ya Mansur. Mansur akaniwahi. Akasema mashine ni yake, kwa hiyo kosa ni lake.

Baadaye akanivuta pembeni, taratibu.

"Ulikuja kuazima stepla, ndugu yangu," akasema. "Ukaiacha mezani."

Akarudi kwa wageni. Nimeona haya, haya ya kweli. Afadhali angenipiga.

Jumapili, 14 Septemba
Hajat ameamua. Chumba cha mbele si changu wala cha Mansur. Amempa Ayaa. Aliyempendekeza ni Mansur! Meza yangu inaweza kukaa nyuma ya cherehani, Ayaa akikubali.

Ayaa amesema atafikiri. Amefikiri kuanzia kanisani hadi chakula cha mchana. Amekubali, mradi nisiguse tena kompyuta ya mtu. Nimeapa, mkono juu. Nimejifunza. Mimi ni mtu mwingine.

Jumatatu, 15 Septemba
Ayaa anashona dirishani, anaimba. Wateja wanaingia na pua wazi.

Mchana amekuja Huguette, yule Mkongo wa saluni ya jirani. Wasichana wake wanapenda tamthilia za Kikorea, kwa hiyo anataka kibao cha Kikorea mlangoni. Mansur alikuwa anapita, akasimama kusikiliza. Nikamwahi. Nikasema Kikorea nimekichapa sana, hata watu wa ubalozi wananijua. Huguette amesema kesho tumletee sampuli, sisi sote wawili.

Jioni napita kwa Mansur kuazima mkasi. Safari hii sitausahau mezani.