Mwenye Boti Hana Haraka

Jumatatu, 9 Machi

Leo nimekuwa mwenye boti! Boti ya kuvulia samaki wakubwa, ina viti viwili vya kuzunguka na vishikio sita vya fimbo za kuvulia. Imetumika, ndiyo, lakini imetumiwa na daktari wa meno mstaafu, mtu msafi. Nimempa pikapu yetu, naye kanipa boti na trela lake, mkono kwa mkono. Alicheka tangu tulipopeana funguo hadi alipopotea kwenye kona. Wenye boti ndivyo walivyo. Hawana haraka, hawana presha, wao ni kucheka tu.

Mke wangu hakucheka. Ana kitalu cha miche nyuma ya nyumba, na Jumatatu ijayo asubuhi anatakiwa kupeleka miche mia tatu kwenye bustani ya hospitali mpya. Kwa pikapu. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaitazama boti ilivyoziba geti. Halafu akasema taratibu (na akisema taratibu ndipo ninapomwogopa) kwamba Jumapili jioni pikapu iwe imerudi. La sivyo atapakia miche kwenye boti, na atakayeivuta ni mimi.

Nilijisikia vibaya kwa dakika kumi hivi. Kisha nikapata mpango.

Jumanne, 10 Machi

Mpango: kuibadilisha boti na pikapu mpya kuliko ile! Nimeweka tangazo kwenye simu. Picha nimeipiga upande usio na kutu. Nimeandika: “Boti safi, haina shida yoyote, mwenyewe anasafiri.” Sisafiri popote, lakini mnunuzi anapenda kusikia hivyo.

Shemeji kaja kuchungulia. Huyu ni kaka yake mke wangu, ana boti gatini, injini mbili, na kila mtu lazima aambiwe ni mbili. Akaizunguka yangu, mikono nyuma, akauliza kama niliikagua chini kabla ya kuichukua. Nikasema macho yangu yanatosha. Akasema huko ni kununua mbuzi kwenye gunia. Nikamwambia mbuzi hana vishikio sita. Akaenda zake! Ushindi mkubwa.

Jioni mwuza makochi kapiga simu. Ana pikapu mbili na anataka kupumzisha akili majini. Huyu ni wangu.

Jumatano, 11 Machi

Mvua kubwa. Boti ikajaa maji hadi chini ya viti. Nikamwita fundi. Akainama nyuma, chini kabisa, akafungua kizibo cha shaba, kinene kama kidole gumba, maji yote yakatoka. Akanieleza: boti ikiwa nchi kavu, kizibo kinatolewa ili maji ya mvua yasituame, na kabla ya kuishusha majini, kinarudishwa. Basi. Hakuna kingine cha kujua, akasema. Kama hakuna kingine, mbona Shemeji anajifanya profesa?

Shida ikawa pa kukiweka kisipotee. Nikakumbuka tangi la kitalu. Tundu lake la chini linavuja tangu mwaka jana, mke wangu kalifunga kwa tambara. Nikajaribu kizibo. Kikaingia kama kimezaliwa humo! Hata tone moja halitoki. Mke wangu kaniletea chai bila kuombwa, akasema kumbe nikitaka naweza. Nilifurahi hadi nikaona haya.

Alhamisi, 12 Machi

Siku ya mazoezi. Boti haiuziki na mtu mwenye wasiwasi, lazima mwenyewe aonekane kaizoea raha. Nimekaa kwenye kiti cha kuzunguka, uani, juu ya trela, kofia ya nahodha kichwani, miguu juu, kuanzia saa tatu hadi saa nane. Jirani kanisalimia kwa kuniita Kapteni. Sikumkosoa.

Baba mdogo kapiga simu akitaka pikapu ya kuhamishia kabati. Nikamjibu iko kwa daktari wa meno. Akasema anajua, mke wangu keshampa namba ya daktari. Kumbe kampa na shangazi, na mwalimu mwenye viti arobaini, na binamu zake wanne wanaohama nyumba. Wiki nzima yuko kwenye simu. Huruma imemzidi, hata kwa watu wasiotusaidia chochote.

Ijumaa, 13 Machi

Mwuza makochi anataka kuiona boti majini kesho saa tatu. Imekwisha! Shemeji kajitolea kulivuta trela kwa gari lake. Halafu akaharibu wema wake kwa kuniambia, “Shem, kabla ya kushusha, kagua nyuma.” Nikamjibu mwenye boti hafundishwi. Akasema haya.

Jumamosi, 14 Machi

Nitaandika kwa ufupi.

Mwuza makochi alikuja na suruali nyeupe. Tukaishusha boti polepole kwenye mteremko wa gati, ikaelea vizuri sana. Nikamkaribisha kwenye kiti, nikamwambia avute pumzi, hapa hakuna wa kumsumbua. Akavuta. Akasema miguu yake inapata ubaridi. Nikamwambia ni mfumo. Akauliza mfumo gani. Nikasema wa kupoza injini. Akasema injini haijawashwa. Nikasema ndiyo uzuri wake, unaanza mapema.

Maji yalipofika kwenye magoti ya suruali nyeupe ndipo nikaliona tangi la kitalu mbele ya macho yangu, na tundu lake lililozibwa vizuri.

Hatukuzama sana. Sehemu ile kina ni cha kiuno. Shemeji aliivuta boti kwa kamba bila kusema neno, na afadhali angesema. Mwuza makochi kaondoka akichuruzika. Kesho ni Jumapili na pikapu sina. Leo niliogopa kurudi nyumbani, nasema kweli. Mke wangu kanitazama nilivyolowa, akanipa taulo, akarudi kwenye simu yake.

Jumapili, 15 Machi

Daktari wa meno kaja mwenyewe! Na pikapu! Hacheki tena. Kakonda. Anasema tangu Jumatatu hajakaa chini: kabati, viti arobaini, binamu wanne na magodoro yao. Watu asiowajua wanamwita mjomba. Anasema ukiwa na boti hakuna anayekuomba kitu, ukiwa na pikapu wewe ni ndugu wa mji mzima. Alinisihi tubadilishane tena.

Nikakuna kidevu. Mke wangu akanikanyaga mguu. Nikakubali, lakini nikamweleza kwa uungwana kwamba boti imeingia maji kidogo. Akasema hiyo ni mara ya nne, injini imezoea kuogelea. Kuhusu kizibo, mke wangu akasema hakitoki tangini. Daktari akasema atanunua kingine, mradi aondoke.

Nimefikiri sana nilivyomshinda mzee yule. Nadhani ni ile namna nilivyokuna kidevu. Nilimwambia mke wangu hivyo, akacheka hadi akashika ukuta. Vizuri, amani imerudi.

Jumatatu, 16 Machi

Miche imefika yote. Hospitali wanataka mia tatu mingine Ijumaa. Mke wangu yuko kitaluni, anaipanga mistari chini ya tangi huku akiimba. Funguo za pikapu ziko kwenye msumari nyuma ya mlango.

Nimeona tangazo kwenye simu. Boti ya kuvulia, vishikio vinane, injini mbili. MBILI! Picha imepigwa upande mmoja tu, lakini huo mmoja unang'aa. Yuko tayari kubadilishana na pikapu. “Haina shida yoyote, mwenyewe anasafiri.” Maskini, anasafiri na hana muda wa kusubiri wanunuzi. Watu waaminifu kama huyu hawapatikani kila siku.

Na safari hii nimejifunza, siwezi kushikwa tena. Nimempigia kumuuliza upana wa tundu la nyuma, na nimekwenda kukichomoa kizibo changu nikipime.

Kinalingana kabisa! Nimerudi mezani kuandika vipimo. Mke wangu anapiga kelele kitaluni, anauliza maji haya yote yanatoka wapi. Nimemjibu ni mfumo.