Shamba la Hempu Lisilo na Hempu

Ijumaa, 24 Oktoba

Siku ya mapumziko. Nimeanza rasmi.

Augustine, binamu yangu aliyeoa Lilongwe, amepata kibali cha serikali ya huko kulima hempu: yule nduguye bangi asiyelevya, anayelimwa kwa ajili ya nyuzi na mbegu. Shamba la wazi. Kilimo hai. Hakuna dawa, hakuna mbolea ya dukani. Anatafuta msimamizi. Nimemwandikia kwamba msimamizi ndiye mimi. Amejibu kwa kuuliza nimewahi kulima nini. Dharau! Mimi niliyepata B ya Kilimo kidato cha nne!

Hapa Doha hata punje moja ya hempu ni kesi. Najua. Si mjinga. Kwa hiyo nitafanya mazoezi kwa bamia. Ina shina refu lenye nyuzi, inapenda jua, na haina ugomvi na polisi. Nitaipanda kama hempu, nitaitunza kama hempu, nitampelekea Augustine picha. Akili ni mali.

Kikwazo: udongo. Upo kipande kimoja tu, nyuma ya mulhaqi, kile kibanda cha uani tunamolala wafanyakazi. Mwajuma mpishi amekikalia na mchicha wake, anaunywesha maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi. Nilimweleza mradi kwa heshima zote. Akasema, kaka Levis, ndugu wa mlevi hukamatwa pamoja na mlevi. Nikamwambia ni bamia tu. Akauliza, kama ni bamia tu, hiyo hotuba ya hempu ilikuwa ya nini? Mwishowe kanipa nusu, ile ya ukutani, akapanga kokoto katikati. Kokoto! Utadhani mpaka wa Namanga.

Jambo la kukumbuka: mkataba wangu wa udereva unaisha mwisho wa Novemba na Madam hajasema kama ataniongeza. Nasimiyu, binti yangu, amebakiza mwaka mmoja wa sekondari. Nikirudishwa nyumbani sasa, naye anarudi nyumbani. Kwa hiyo gari lisiwe na dosari hata moja. Shamba liwe la siri.

Jumapili, 26 Oktoba

Dosari.

Jana familia ilikwenda izba, shamba lao la jangwani la ngamia na mbuzi. Nikaona samadi imelala bure. Kilimo hai bila samadi ni maneno matupu. Nikajaza magunia, nikayapanga kwenye buti ya gari kwa ustadi, na jioni nikayashusha yote. Nikafagia. Nikapulizia manukato ya gari, yale ya limau.

Leo Madam alikuwa na harusi Lusail. Tulipofika barabara kuu aliuliza kama nimekanyaga kitu. Nikasema hapana, Madam. Akafungua dirisha. Akafungua yote. Upepo ukaingia kwenye nywele alizotengenezwa tangu mchana. Nikaona heri niseme ukweli, nikamweleza faida za samadi ya ngamia ikilinganishwa na ya mbuzi. Alisema neno moja la Kiarabu. Sikulielewa, na sitamuuliza Mwajuma, maana atafurahi mno.

Kushukuru ni bure, lakini watu wengine hawajui hata nani anawajali. Limau lilikuwa langu mwenyewe!

Jumatano, 5 Novemba

Imeota! Yote!

Nimesoma nikiwasubiri watoto nje ya shule: hempu ya nyuzi hupandwa kwa kubanana. Miche ikibanana hugombea mwanga, hurefuka, hunyooka, na kivuli chake huua magugu. Palizi haihitajiki. Ndivyo nilivyofanya. Bamia zangu zimesimama kama nywele kichwani.

Mwajuma anasema nipunguze. Nimekataa. Kila fani ina wenyewe.

Athanas, Mtanzania anayeendesha gari la jirani, amepanda ngazi upande wao na kuchungulia ukutani. Ananiita Bwana Shamba. Aliuliza nitavuna lini. Kabla sijajibu akasema kwa ubanano ule bamia zitatoka zimepigwa pasi. Mwajuma alicheka mpaka akaketi kwenye ndoo. Watu wa nchi moja hawa, wanasaidiana katika ubaya!

Nimempelekea Augustine picha. Amejibu: vizuri sana, lakini ni nini hicho?

Jumanne, 18 Novemba

Mimea inakaribia goti. Majani yamegawanyika kama vidole vya mkono. Yanapendeza. Athanas amechungulia tena, akafumba jicho moja, akasema Bwana Shamba, mtu akiyatazama haya kwa mbali, halafu hakumaliza. Alishuka ngazi anacheka.

Nimefikiri mchana kutwa. Mtu wa utaratibu hangoji kueleweka vibaya. Mji huu una kibao kwa kila jambo: usiegeshe, usivute sigara, usikanyage nyasi. Watu wanasoma, wanatii, wanaendelea na safari. Kwa nini langu lisiwe na kibao?

Nimechukua ubao wa kabati lililovunjika. Simu imenitafsiria kwa Kiarabu. Kiingereza nimeandika mwenyewe. Rangi nyekundu, ile iliyobaki walipopaka mlango wa gereji. Herufi kubwa:

HAPA HAKUNA BANGI.

Chini yake, kwa herufi ndogo, kwa kuwa sipendi uongo: WALA HEMPU, KWA SASA.

Mwajuma alinishika mkono akinisihi. Alisema Levis, tangu tufike hapa hakuna aliyewahi kuitaja bangi katika nyumba hii, hata kwa mzaha, na sasa itakuwa imeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu. Nikamwambia ndiyo maana yake kinga. Kinga huja kabla. Akaniacha, akaenda kuufunika mchicha wake kwa kanga.

Jumatano, 19 Novemba

Msiba.

Asubuhi alikuja kijana wa mitungi ya gesi. Hupita nyuma ya mulhaqi kufika jikoni. Alisoma kibao. Alisoma mara ya pili. Akapiga picha, akarudi na mtungi wake ukiwa umejaa. Si kazi yake kusoma! Kazi yake ni gesi!

Adhuhuri picha ilikuwa imeingia kwenye kundi la simu la madereva. Athanas amenitumia na swali: Bwana Shamba, hapa si kwenu?

Bila gesi hakuna chakula. Madam akauliza kwa nini sufuria ni baridi. Mwajuma akasema kijana wa gesi ameondoka. Kwa nini ameondoka? Mwajuma alinitazama. Sitausahau mtazamo ule.

Madam akaja nyuma. Miaka minne sijamwona akikanyaga huku. Alisimama mbele ya kibao, akatazama majani, akatazama kibao. Aliuliza jambo moja tu: kwa nini KWA SASA? Nikaanza kueleza habari za Lilongwe. Alikuwa tayari anampigia mumewe.

Nimeambiwa niweke ufunguo wa gari juu ya meza ya jikoni. Ufunguo! Bwana yuko safarini hadi kesho, ndiye atakayeamua kama ni polisi au uwanja wa ndege. Nasimiyu ametuma ujumbe kuwa amekuwa wa tatu darasani. Nimeizima simu, nikailaza chini ya mto.

Mwajuma alisema mara moja tu, na ilitosha: polisi wakija watauliza ni nani aliyelima akipakana nawe, na kokoto zile nimezipanga kwa mikono yangu.

Hata hivyo kibao kilisema kweli. Hilo hakuna anayelitazama!

Alhamisi, 20 Novemba

Bwana amefika pamoja na Bibi Mkubwa, mama yake mzazi, mwenye fimbo. Tulipangwa wote nyuma ya mulhaqi. Bwana alichukua jani, akalilinganisha na picha kwenye simu. Akahesabu vidole vya jani. Uso wake ukawa mgumu.

Nikaona wakati wa elimu umefika. Nikaanza kutofautisha hempu na bangi kwa upande wa kiasi cha kileo kilichomo. Mwajuma alinikanyaga mguu. Kwa uzito wake wote.

Bibi Mkubwa akauliza ni nini kinachosumbua watu mchana wote huu. Hakungoja jibu. Aliinama, akavunja jani, akalisugua kwenye kiganja mpaka likatoa utelezi. Akalitia mdomoni! Akatafuna. Akasema, bamia. Akamtazama mwanawe kama anamtazama mtoto aliyelowesha godoro, akauliza tangu lini mwana wake haijui bamia anayoila na kondoo kila wiki.

Nikapumua. Nikatabasamu. Mapema mno.

Bibi Mkubwa aligonga fimbo chini akasema maneno marefu kwa sauti kali. Mwajuma akatafsiri, taratibu, bila kuacha neno: anauliza ni mpumbavu gani aliyebananisha bamia namna hii. Wote wakanigeukia. Hata Athanas, juu ya ngazi!

Ikaamriwa zipunguzwe papo hapo. Mwajuma aling'oa miche huku anaimba. Shamba langu zima la nyuzi! Limebaki kama meno ya mzee.

Hukumu ya Madam: mkataba unaongezwa mwaka mmoja, kwa sababu watoto wamenizoea. Masharti: kibao kiondoke, buti isibebe tena kitu chochote kutoka kwa mnyama, na mimi nisipande mmea wowote katika nyumba hii. Mmea wowote. Mwajuma alinitafsiria mara mbili ingawa Madam alisema kwa Kiingereza.

Nimerudishiwa ufunguo. Nimempigia Nasimiyu, nikampongeza. Aliuliza kwa nini sauti yangu inatetemeka. Nikasema ni mtandao.

Jumamosi, 22 Novemba

Dhuluma juu ya dhuluma.

Kipande chote sasa ni cha Mwajuma. Bibi Mkubwa amewekewa kiti pale, anakuja kila alasiri kukagua bamia, na wawili hao wanacheka kwa lugha ambayo nusu ni Kiarabu na nusu ni mikono. Bamia zangu! Athanas amenibadilishia cheo, sasa mimi ni Bwana Kibao. Na Augustine ameandika kuwa amepata msimamizi, mzee aliyelima tumbaku maisha yake yote. Tumbaku, yenye dawa zote zile! Huo ndio kilimo hai? Nimemjibu kwamba atajuta.

Nimetulia, nimesoma tena masharti ya Madam kichwani. Alisema mmea. Mimi ni mtu wa kutii. Lakini nimehakikisha katika Biolojia: uyoga si mmea. Hauhitaji jua, hauhitaji udongo, unaota gizani ndani ya majani makavu. Chini ya kitanda changu kuna giza la kutosha na nafasi imekaa bure. Mbegu yake nimeiagiza duka moja la mtaa wa Najma, itafika kesho kutwa.

Ubaya ni kwamba uko uyoga wa kulevya duniani, na watu wa nyumba hii wana fikira mbaya.

Kosa langu la safari ile nimeliona. Nilichelewa. Kibao kilikuja mimea ikiwa imeshafika goti. Safari hii kibao kimetangulia. Kiko mlangoni pangu, rangi inakauka.