Chaja Yenye Kibandiko cha Kijani

Wananchi wa Wirrabilla, New South Wales, mnatangaziwa kwa fahari kwamba Halmashauri imeunda Kamati ya Umeme wa Uhakika, mwenyekiti akiwa mimi, Clive Pascoe. Jukumu letu ni kuipa umeme kompyuta moja yenye ukubwa wa pakiti ya sigara. Imefungwa kibandani kando ya mto, inapima kina cha maji, na mafuriko yakija inatuma ujumbe kwenye simu za watu wote.

Ila huzimika kila inapotaka kutuma. Lorraine Tully, mfugaji wa bondeni, alipoteza kondoo tisini mwaka jana na bado akiwataja machozi humtoka. Alikuja akatuambia tatizo ni chaja: tumeweka ya simu kuukuu, waya mwembamba kama tambi. Akatoa mfukoni chaja mpya yenye nguvu.

Nilimwelewesha kwa upole. Kifaa cha umeme hakichomekwi kazini bila kibandiko cha mkaguzi, na mkaguzi huja Machi na Septemba. Huu ulikuwa Aprili. Chaja ya zamani ina kibandiko cha kijani, kwa hiyo ni salama.

"Clive, salama gani, na umeme wenyewe hautoshi?"

"Lorraine, umeme usiotosha haujawahi kumdhuru mtu."

Aliirudisha chaja yake mfukoni, akaondoka. Wiki haikuisha akafunga kompyuta yake mwenyewe shambani, kwa paneli ya jua na betri ya trekta, akaanza kuwatumia watu hali ya mto. Na watu walivyokosa adabu, wakamwamini! Iliniuma, sifichi. Baada ya vikao vinne nilimwandikia barua: ni marufuku ujumbe usio na kibali kutumwa kwa ofisa yeyote wa Halmashauri.

Juni mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Siku ya tatu tulikuwa kikaoni, na kwa kuwa mitaa ilikuwa kimya kabisa, tuliandika kwenye kumbukumbu kwamba utulivu huo ni matunda ya Kamati. Maji yalipofikia keki za nazi mezani, tulikwea juu ya bati.

Lorraine alikuja na boti. Mji mzima ulikuwa kilimani tangu asubuhi, pamoja na kondoo wake wote. Nikamuuliza kwa ukali kwa nini hakutuarifu.

"Barua yako ilinikataza, Clive. Nami sheria siivunji."

Kwa mara ya kwanza tangu iundwe, Kamati ilipitisha jambo bila mjadala. Tulipanda boti.