Asiyetikisika Hapewi Biti

Jumatatu, 9 Juni
Nimepata! Miezi saba ya kuumiza kichwa, leo nimepata. Ofisi yetu hurusha sherehe za watu mubashara mtandaoni, na kazi yangu ni kugawa biti, yaani kuamua kila sehemu ya picha ipewe data kiasi gani ili video isikwame. Kanuni yangu mpya: kinachotikisika kipewe nyingi, kilichotulia kipewe makombo. Nimemwonyesha jirani yangu wa mezani, tunayemwita Wastani kwa sababu yeye hugawa sawa kwa wote. Kasema nijaribu kwanza kwa kitu kidogo. Wivu tu! Mtu wa kusherehekea naye sikumpata. Nimekula mkate nimesimama jikoni.

Jumanne, 10 Juni
Mkuu wa kitengo kakubali! Kanuni itajaribiwa Jumamosi, kwenye harusi ya binti yangu mwenyewe. Wastani kauliza kama mimi sitakuwa huko harusini, mwendo wa saa sita kwa basi. Nimemjibu kwamba mpishi haachi chungu motoni. Kwa kweli sikuwa nimelifikiria hilo.

Jumatano, 11 Juni
Nimempigia binti. Nimemweleza kuwa sitakuja, ila nitamwona vizuri kuliko wote watakaokuwa ukumbini. Kauliza nani atasimama naye. Nikasema mjomba wake yupo, na suti anayo. Akasema sawa, baba. Sawa ya marehemu mama yake hiyo, ile isiyokuwa sawa hata kidogo. Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Nimewasha redio vyumba viwili.

Ijumaa, 13 Juni
Wastani kajitolea kukaa na mtambo kesho, mimi nipande basi la alfajiri. Ati atafanya kila nitakachomwelekeza. Mjanja huyo! Anataka sifa zangu. Kikulacho ki nguoni mwako. Nimemkatalia. Hata hivyo nimepiga pasi shati jeupe, la kuvaa mbele ya kompyuta.

Jumamosi, 14 Juni
Pazia la ukumbini, lililokuwa likipepea, limeonekana kila uzi. Feni safi kabisa. Maputo, usiseme! Mjomba mtu, asiyejua kusimama bila kujikuna, ameonekana mpaka vifungo.

Binti yangu akasimama kula kiapo. Akatulia tuli. Kanuni ikamnyang'anya biti zote. Uso wake ukawa vigae vya kahawia, na juu yake kitu cheupe. Nikaipigia skrini kelele: tikisika, mwanangu! Wastani, aliyekuja ofisini hata hivyo, akanyoosha mkono arudishe kanuni ya zamani. Nikaushika. Niliamini atatikisika muda si mrefu.

Alipotikisika, alikuwa ameshakuwa mke wa mtu. Nimelia, sifichi. Wastani akasogeza kiti karibu yangu.

Jumapili, 15 Juni
Binti kapiga simu. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Kasema Jumapili ijayo wanakula kwenye nyumba yao mpya, kiti changu kipo, niende nimwone kwa macho. Nimekaa kitandani saa nzima nikimuwaza.

Kisha nikagundua kosa! Kanuni haina tatizo, bibi harusi ndiye aliyetulia mno. Nimempigia tena. Nimemwomba kile kiti changu wasimamishe simu juu yake, nitaungana nao kutoka hapa. Na yeye, tafadhali, muda wote wa kula asiache kutikisa kichwa.