Juma Nililookoa Mboga za Shule

Jumatatu, 12 Mei

Siku mbaya. Mvua tangu alfajiri, na ndoo imejaa tena.

Ndoo ni ile ya makombo, mlangoni mwa jikoni. Wanafunzi wanapanga foleni, kila mmoja anakung'uta mboga zake humo, anabaki na ugali na maharagwe. Sukuma wiki yangu. Kunde zangu. Tsisaga, mboga chungu za kwetu, nilizopanda kwa mbegu alizoniachia marehemu mama! Zote zinaenda kwa nguruwe wa jirani, Mzee Wekesa. Nguruwe hao wamenenepa hadi ni aibu. Wakiniona napita uani wanasimama.

Saa tano mwalimu mkuu, Bi. Jepkosgei, aliniita ofisini. Bodi inakutana Ijumaa. Mwalimu Mideva wa Biashara ameandika pendekezo la kurasa sita: shamba la mboga ling'olewe, ipandwe miwa. Bi. Jepkosgei akauliza, kama watoto hawali mboga, tunazilima za nini? Nikamkumbusha diploma yangu ya kilimo kutoka Chuo cha Bukura. Akasema diploma nayo hailiwi.

Miaka kumi na mmoja nimefundisha Kilimo hapa Khayega. Sijapandishwa cheo hata mara moja. Shamba lile nililitoa kwenye magugu kwa mikono yangu. Wakilichukua sitabaki na kitu cha kuonyesha mtu.

Mpishi wetu, Mama Awinja, alinifuata hadi kwenye baiskeli. Eti nimpe vitunguu na maziwa kidogo, nimwondolee ile amri ya kuchemsha mboga saa mbili nzima, na watoto watakula. Amri hiyo ni yangu. Ni ya usafi. Nikamwambia hili ni suala la kisayansi, asijisumbue.

Jumanne, 13 Mei

Nimehutubia shule kwenye paredi ya asubuhi. Dakika arobaini, kwenye manyunyu. Vitamini zote, moja baada ya nyingine. Msichana mmoja alizimia, lakini nasikia hakuwa amekunywa chai.

Nikauliza kama kuna swali. Afadhali ningenyamaza. Ashley wa kidato cha tatu, kiranja wa chakula, akainua mkono.

"Mwalimu, mboga ndiyo tunakulanga nyumbani kila siku," akasema. "Na huko haichemshwangi mpaka inakufa."

Wakacheka wote. Mideva alicheka kuliko wote, mkono mdomoni, akijifanya anakohoa. Nimeandika jina la Ashley kwenye kitabu cha nidhamu. Sikio la kufa halisikii dawa.

Ndoo: imejaa. Na mtu ametumbukiza humo karatasi ya hotuba yangu.

Jumatano, 14 Mei

Leo nilitumia akili. Nilimwamuru Awinja achanganye mrenda kwenye maharagwe. Mrenda unateleza. Nikadhani utateleza hadi tumboni kabla hawajautambua.

Ashley aliinua kijiko. Mrenda ukafuata kijiko. Akasimama, ukafuata. Akapanda kwenye benchi, na bado haujakatika! Dakika moja baadaye shule nzima iko juu ya mabenchi, kila mtu anashindana urefu. Hakuna aliyekula, hata maharagwe yenyewe. Ndoo mbili. Mzee Wekesa alikuja kunishukuru na kuuliza kama na kesho itakuwa hivyo.

Matunda nayo. Niligawa mapapai manne yaliyoiva vizuri. Kidato cha pili waliyachezea mpira. Waliniambia mechi ilikuwa sare.

Jioni nilimpigia mke wangu, Kageha, anayefundisha kule Lugari. Nikamweleza yote. Akasema nimsikilize Awinja. Hata yeye! Nikamwambia mtandao ni mbaya, nikakata. Nilikula ugali na maharagwe peke yangu. Sikupika mboga. Sikuwa na moyo.

Alhamisi, 15 Mei

Nimepata! Nilikuwa nanyoa ndevu, nikajikata kwa furaha.

Watoto hawa hawajali vitamini, lakini wanamjali Tingatinga. Tingatinga ni fahali wa Mzee Cornelius, hapo nyuma ya soko. Amewapiga mafahali wote wa Shinyalu. Siku akipigana, watu wanaacha mazishi katikati waende kumtazama. Wavulana wetu wamechora pembe zake kwenye madawati. Na anakula nini? Majani! Hajawahi kuonja nyama tangu azaliwe.

Nikaenda kwa Cornelius baada ya vipindi. Nikamwomba amlete kesho kabla ya chakula cha mchana, ale sukuma wiki mbele ya shule nzima, watoto wajionee nguvu inakotoka. Bodi pia wataona, kupitia dirisha. Mzee alikubali, ila akanionya: asisikie isukuti. Ngoma hiyo ndiyo inayompeleka uwanjani. Akiisikia anajua mpinzani yuko, na atamtafuta. Nikamwambia mimi ni Mwisukha mwenzake, sifundishwi mambo ya fahali. Nikamshukuru, lakini kwa ubaridi.

Kisha nikapitia klabu ya muziki. Onyo la Cornelius ni la uwanjani. Hapa ni shule. Na shughuli bila ngoma inafanana na mkutano wa walimu.

Awinja alikuja tena na habari zake za vitunguu. Nimechoka na vitunguu.

Ijumaa, 16 Mei

Naandika kwa kifupi. Mkono unauma.

Tingatinga alifika saa sita unusu, amepakwa mafuta, anang'aa. Wanafunzi wakazunguka ua wa shamba, kimya. Nikamtupia sukuma wiki. Akala kwa adabu, jani kwa jani. Niliwaona wavulana wawili wakimeza mate. Wanameza mate kwa ajili ya sukuma wiki! Mwenyekiti wa bodi alikuwa dirishani, na Mideva nyuma yake amenuna. Nilikuwa nimeshinda. Sijawahi kufurahi vile katika shule hii.

Nikainua mkono. Klabu ya muziki wakapiga isukuti.

Tingatinga akaacha kutafuna. Akainua kichwa. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akimtafuta mwenzake.

"Mwalimu, umetumaliza," Cornelius akasema, polepole.

Kamba ikakatika. Kwa kuwa mpinzani hakuwepo, alipigana na shamba. Sukuma wiki, safu kwa safu. Kunde. Mipapai yote mitatu. Kibao nilichoandika kwa mkono wangu alikibeba juu ya pembe zake kama kofia. Wanafunzi walishangilia kila alipogeuka. Mimi nilikuwa juu ya mnara wa tangi la maji, na kutoka pale unaliona shamba lote, kila tuta. Tsisaga alizimaliza mwisho. Nililia. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli: nilikumbatia bomba nikamlilia mama, mtu mzima mimi, na kidato cha kwanza wakiniangalia.

Cornelius alimtuliza hatimaye. Hakuna aliyeumia ila mimi, wakati wa kushuka.

Sasa sikiliza. Nikiwa bado juu kule, Awinja aliingia shambani na beseni, akaokota mboga zilizokanyagwa kabla hazijanyauka. Akaleta maziwa ya nyumbani kwake na vitunguu. Hakuniomba ruhusa. Akakaanga robo saa tu, si zaidi. Harufu ilinifikia hadi tangini. Wanafunzi walikula mpaka wakafuta sahani kwa ugali. Ashley alirudi mara tatu. Ndoo: tupu! Miaka kumi na mmoja, na leo ndiyo mara ya kwanza nimeuona mwisho wa ndoo ile. Ina kutu.

Saa tisa nikaitwa mbele ya bodi, matope hadi magotini. Mwenyekiti alikuwa ameiona ndoo kwa macho yake. Alikuwa mpole. Akasema mboga zikivunjika huota tena, na kwamba kama watoto wamepata sababu ya kuzila, na sababu hiyo inaweza kurudiwa kila siku, yeye haoni haja ya miwa. Kisha akaniuliza ni nini kilichowafanya wale leo.

Mideva akaacha kuandika. Awinja alikuwa mlangoni na birika la chai, ananitazama. Bi. Jepkosgei naye alimtazama Awinja, kisha akanitazama mimi, akaitikia kidogo kwa kichwa kunitia moyo.

"Ni fahali," nikasema.

Mwenyekiti akaniuliza kama nina hakika. Nikamkumbusha kuhusu diploma. Awinja akaweka birika mezani akatoka bila kummiminia mtu.

Miwa itapandwa kuanzia Jumatatu. Kura zote, hata ya Bi. Jepkosgei.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua. Nimezunguka shamba tangu asubuhi nikitafuta angalau shina moja la tsisaga lenye mbegu. Hakuna. Sikuwa nimeweka akiba. Nilidhani zitakuwepo siku zote. Mama angeniuliza mbegu ziko wapi, na ningemjibu nini?

Kwa kunihurumia, Bi. Jepkosgei ameniachia matuta manne nyuma ya jikoni. Awinja amesema atanisaidia kuyapalilia, sharti nimwache apike anavyojua. Nimekataa. Mtu akikubali masharti ya jikoni, kesho atapangiwa hata ratiba ya vipindi.

Badala yake nimekaa chini nikatafakari kosa langu kwa unyenyekevu. Kosa ni moja tu. Fahali alikuwa mmoja. Fahali aliyekosa mpinzani afanye nini, kama si kupigana na sukuma wiki? Wangekuwa wawili wangeshughulikiana wenyewe, na matuta yangu yangebaki salama.

Nimemwandikia Cornelius ujumbe, na jirani yake pia. Ijumaa ijayo, saa sita unusu, nyuma ya jikoni. Najua msemo wa wazee: fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Nimeusoma tena na tena. Mboga hazijatajwa popote.